Nikutambue Kama Nani?

Basi lilikata kona ya mwisho ya msitu na Timboroa ikatokea ghafla, nusu yake ikiwa ndani ya ukungu. Wajumbe waliokuja na mashati ya mikono mifupi, kwa kuwa waliambiwa wanakwenda Afrika, walianza kupekua mikoba wakitafuta chochote cha sufu. Mmoja aliinuka akamwomba dereva apunguze mashine ya baridi. Dereva akamjibu kwa upole kwamba basi halina mashine ya baridi. Baridi ni ya hapa.

Jemutai alikuwa kiti cha mbele, maiki mkononi. Hakuwa mtembezaji wa watalii. Alikuwa mwalimu mstaafu anayeishi mtaa wa Pioneer, Eldoret, na tangu aache chaki alikuwa emsii, mwendesha shughuli: matanga, mahari, michango ya karo, shukrani za waliopona. Kazi hii ya wageni ilimjia kwa sababu emsii aliyetakiwa kutoka Nairobi alipotewa na sauti, na meneja wa hoteli iliyoandaa kikao alikumbuka jinsi Jemutai alivyoendesha mazishi ya mama yake. Siku hiyo mvua ilivunja tenti mbili na hakuna mtu aliyeondoka kabla ya sala ya mwisho.

Wageni wenyewe walikuwa wajumbe wa Jumuiya ya Viazi vya Nyanda za Juu, chombo cha kimataifa chenye nchi wanachama ishirini na kitu, na makao makuu katika jiji lisilo na kilima hata kimoja. Kazi ya Jumuiya ilikuwa kutunza mbegu za viazi visivyougua na kuzigawia nchi wanachama. Kila baada ya miaka miwili walikutana mahali penye mlima ili wakumbuke. Safari hii ilikuwa zamu ya Eldoret, na kabla ya kikao chenyewe walipelekwa Timboroa kuona shamba.

Mwenye shamba, Nderitu, aliwapokea akiwa na gambuti na kabuti la mvua. Babake alihamia huko kutoka upande wa Nyeri, na Nderitu alikuwa hajawahi kupanda kitu kingine zaidi ya waru, yaani viazi.

"Karibuni, karibuni. Mguu hapa katikati ya laini, tafadhali. Huyo ameshakanyaga. Haidhuru. Karibuni."

Aliwaonyesha kitalu cha mbegu. Wajumbe walipiga picha. Walipogeuka kurudi kwenye basi, mmoja alibaki amechuchumaa. Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, mwenye koti lililoshonwa viwiko kwa ngozi. Jina lake lilikuwa Ilko Dareni. Alikuwa amevunja kiazi katikati kwa vidole na anakinusa.

"Huyo hajui ugonjwa," Nderitu alimwambia. "Jirani yangu hapo alinunua mbegu ya soko. Ikanyauka yote, mzee, yote. Hii yangu ikasimama tu ikiangalia."

Jemutai alitafsiri. Ilko aliongea Kiingereza cha kununua na kuuza, lakini kilitosha.

"Kwetu ni msimu wa pili," alisema. "Tunachimba, tunatoa maji meusi. Msimu wa tatu hatutakuwa na cha kuchimba." Kisha akauliza kama anaweza kupata kiasi cha mbegu ile. Si kingi. Cha kuanzia.

"Si hata gunia?" Nderitu alisema. "Mpe gunia."

Munene, ofisa wa Jumuiya aliyesimamia safari, kijana nadhifu aliyekuwa akikanyaga matope kwa ncha za viatu, aliingia kati. "Bwana Ilko ni mwangalizi. Mbegu ni ya wanachama."

"Mwangalizi ni nini?"

"Ni mtu anayeangalia."

Nderitu alifikiri jambo hilo. "Basi mwache aangalie akiwa ameshika."

Hawakumpa. Mbegu ya Nderitu ilikuwa ni mali ya Jumuiya mpaka kikao kiamue vingine, na Nderitu alikuwa ametia sahihi. Ilko alikiacha kile kiazi kilichovunjika juu ya tuta, akajifuta mikono kwa majani, akapanda basi wa mwisho.

Wakishuka kuelekea Eldoret, Jemutai alimwinamia Munene.

"Huyu mzee ni wa wapi?"

"Zevani."

"Hiyo ni nchi?"

Munene alitazama nyuma kwanza. Zevani, alieleza kwa sauti ya chini, ni milima iliyojitenga na nchi ya Morania baada ya vita, miaka kama thelathini iliyopita. Ina pesa zake, polisi wake, stempu zake. Nchi chache zinaitambua. Nyingi hazijaitambua. Morania yenyewe inasema ni mkoa wake uliokosa adabu.

"Kwa hivyo iko ama haiko?"

"Inategemea unauliza nani."

"Nakuuliza wewe."

"Mimi ni mtumishi wa Jumuiya, Madam. Sina macho."

Jambo ambalo Munene hakumwambia, kwa kuwa hakuona linamhusu emsii, ni kwamba suala la mbegu za Zevani lilikuwa limeshamalizwa kimya kimya. Ajenda ya tisa ya kikao ilisema mbegu zitagawiwa pia "wakulima wa nyanda za juu popote walipo." Maneno hayo yalichukua miezi kutafutwa. Hayakutaja nchi. Mjumbe wa Morania, Daktari Odalia Pavesk, alikuwa amekubali kwamba ajenda hiyo ikisomwa atakuwa akitazama dirishani. Sharti lake lilikuwa moja tu: jina la Zevani lisisikike ukumbini kama jina la nchi. Likisikika, hataweza kutazama dirishani.

Munene alimpa Jemutai agizo moja walipokuwa wakiagana hotelini. "Kesho tambua wageni wote, Madam. Usisahau hata mmoja. Kikao kilichopita walisahau kisiwa fulani, tukaandikiwa barua ya kurasa sita."

"Mimi sisahau mtu," Jemutai alisema.

Ilikuwa kweli. Uasin Gishu nzima watu walijua kwamba ukikaa kwenye tenti ya Jemutai utatajwa. Ma-emsii wengine walisoma majina kutoka kwenye karatasi waliyopewa na familia, na mwisho wakasema wale ambao hawakutajwa wajione wametajwa. Jemutai alichukia maneno hayo. Aliona ni kama kumpa mtu sahani tupu na kumwambia ajione ameshiba. Yeye hakutegemea karatasi. Alifika mapema, akazunguka tenti moja baada ya nyingine, akamwinamia kila mkuu wa ukoo, kila mjumbe wa chama, kila jirani aliyetoka mbali, na kumuuliza kwa sauti ya chini: "Mgeni wetu, nikutambue kama nani?" Alichojibiwa ndicho alichokisema kwenye maiki, neno kwa neno. Hakuongeza cheo na hakupunguza.

Utaratibu huo uliwahi kumletea maneno. Kwenye mazishi fulani huko Soy, alimkuta mwanamke amekaa na watoto watatu kwenye tenti ya mwisho, karibu na masufuria, mahali ambapo familia huwakalisha watu wenye kesi. Alimuuliza amtambue kama nani. Yule mwanamke akasema, kama mke wa marehemu. Jemutai akamtambua kama mke wa marehemu, wakati mke mwingine wa marehemu amekaa mbele na kitambaa cheusi kichwani. Kulizuka ghasia ya heshima. Wazee walimwita kando wakamtaka afute. Aliwaambia: "Mimi sisemi mtu ni nani. Nasema alivyoniambia. Kama kuna mwenye swali amuulize mwenyewe." Hakufuta. Marehemu alizikwa, wake wote wawili wakatupa udongo, na kesi ya shamba ikaenda mahakamani inakostahili. Katika miaka yake yote ya maiki, Jemutai hakuwahi kurudi nyuma kufuta neno, na watu wa kule walipotaka shughuli isiyo na maswali waliita mtu mwingine.

Asubuhi ya kikao alifika ukumbini akiwa na koti lake la rangi ya zambarau na viatu vya kusimamia. Ukumbi haukufanana na chochote alichokizoea. Hapakuwa na tenti wala viti vya plastiki. Kulikuwa na meza ndefu iliyopinda kama kwato, vibao vyenye majina ya nchi, na nyuma kabisa kijumba cha vioo ambamo wakalimani walikaa wakifungua na kufunga midomo kama samaki. Lakini watu walikuwa watu. Akaanza kuzunguka.

Mjumbe wa nchi moja ya Andes alitaka jina la nchi yake litajwe pamoja na neno la kuonyesha kwamba ni ya mseto wa makabila. Mwingine alitaka neno ufalme litajwe kabla ya jina la nchi yake. Daktari Pavesk, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, alisema tu, "Morania, Mama. Inatosha." Jemutai alimpenda kwa hilo.

Ilko alikuwa amekalishwa mwisho kabisa, nje ya ile kwato, kwenye kiti kilichosogezwa kando ya mlango karibu na mabirika ya chai. Mbele yake hapakuwa na meza. Kifuani alikuwa na beji iliyoandikwa MGENI. Jemutai alipoona kiti kile alijua palepale ni kiti gani. Masufuria ya Soy na mabirika haya, mpishi alikuwa mmoja.

Alimwinamia. "Mgeni wetu, nikutambue kama nani?"

Ilko hakuelewa. Jemutai alirudia kwa Kiingereza polepole.

Mzee alimtazama kama mtu anayesubiri sehemu ya pili ya mzaha. Kisha akasema: "Jamhuri ya Zevani."

"Rudia, nisije nikaiharibu."

Akarudia. Akamfundisha kukaza silabi ya mwisho. Jemutai akaijaribu mara mbili chini kwa chini huku mhudumu akipita katikati yao na trei ya mandazi.

Saa ya kufungua, Munene alimpa ishara. Jemutai akachukua maiki.

"Mungu ni mwema!"

Wajumbe wakapekua ajenda. Kutoka mlango wa jikoni, wahudumu wanne wakajibu: "Kila wakati!"

"Na kila wakati?"

"Mungu ni mwema!" walisema wahudumu, na mpishi akaongezea amina.

Alianza kutambua. Hakufuata alfabeti, alifuata utaratibu wa matanga, kwamba aliyetoka mbali huanza ili apumzike. Kila nchi ilipotajwa, mjumbe wake alisimama, akapunga mkono, na wengine wakapiga makofi. Ilikwenda vizuri. Hata waliokuja wamenuna walianza kuchangamka. Zamani walikuwa wakitajwa na mashine, na sauti ya Jemutai ilikuwa ile inayoweza kufika kwenye tenti ya mwisho bila umeme.

"Na pale mlangoni," alisema, "pale karibu na chai, msifikiri sijamwona. Ametoka kwenye milima yenye baridi kama Timboroa yetu. Naomba asimame tumwone: Jamhuri ya Zevani!"

Ndani ya kijumba cha vioo, wakalimani, ambao hulipwa kusema kinachosemwa, walikisema kwa lugha nne.

Ilko alisimama. Hakupunga mkono. Alisimama tu, mikono imenyooka ubavuni, kama mtoto aliyeitwa kwenye paredi ya shule. Ukumbi ulipiga makofi, kwa kuwa ulikuwa umeshazoea, na hata Daktari Pavesk alipiga mara mbili kabla mikono yake haijagandia hewani. Jemutai akaendelea na Uganda.

Kilichofuata hakikuwa na kelele. Daktari Pavesk alikusanya karatasi zake, akavua vile vidude vya masikioni, akatoka hadi barazani. Mjumbe wa nchi jirani yake akamfuata, na wa tatu akawafuata hao wawili bila kuonekana kama anajua sababu. Mwenyekiti alihesabu vichwa, akasema akidi haitoshi, akatangaza mapumziko ya chai ilhali chai ilikuwa ndiyo kwanza imeisha.

Munene alimshika Jemutai kiwiko, akampeleka kwenye chumba kidogo cha kuhifadhia viti.

"Madam, umefanya nini?"

"Nimetambua wageni wote. Si ndivyo ulivyosema?"

"Nchi! Nilimaanisha nchi!"

"Nimemuuliza. Akasema nchi."

Munene alikaa juu ya rundo la viti. Alimweleza sasa yale ambayo hakumweleza kwenye basi: ajenda ya tisa, dirisha, miezi ya kutafuta maneno. Alieleza bila hasira, kama daktari anayesoma picha ya mfupa. Jemutai alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo yule mzee alikuwa apate mbegu."

"Alikuwa apate. Leo, baada ya chakula cha mchana."

"Na sasa?"

"Sasa Daktari anataka ufute. Kwenye maiki. Akirudi, kikao kitaendelea, tutaona kama ajenda ya tisa bado iko hai. Asiporudi, hakuna mbegu kwa mtu yeyote, achilia mbali Zevani."

"Sijawahi kufuta."

"Najua, Madam. Meneja ameniambia ya Soy. Huko kulikuwa na marehemu mmoja tu."

Jemutai alitoka kwenda kwa Ilko. Alikuwa palepale kando ya mabirika, amekaa na kikombe alichokuwa hanywi. Wajumbe walikuja kuchukua chai, wakamimina, wakaondoka wakitazama sukari.

"Mzee, ulijua kuhusu ajenda ya tisa?"

"Nilijua."

"Ulijua jina halitakiwi?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini uliniambia?"

Ilko alizungusha kikombe. "Miaka kumi na moja nakuja kwenye vikao hivi. Wananiuliza kama nimelala vizuri. Wananiuliza kama nina visa ya kurudi. Wewe uliniuliza swali lile ukiwa umeinama, na mdomo wangu ukajibu." Akatikisa kichwa. "Mke wangu angenipiga. Ameficha viazi vya mwisho chini ya kitanda ili tusivile. Mimi nimekuja huku kusimama."

"Nitafuta."

"Futa, Mama. Tafadhali futa vizuri."

Sentensi ya kufuta iliandikwa barazani na Daktari Pavesk, Munene na mwenyekiti, na ilipomalizika ilikuwa na vifungu vitatu. Kiini chake kilikuwa kwamba hakuna mjumbe wa nchi inayojiita Jamhuri ya Zevani aliyetambuliwa katika kikao hiki. Daktari alitaka isomwe kwa sauti na iingizwe kwenye kumbukumbu. Alikuwa mtulivu, ila alikuwa akizungusha miwani yake kwa mnyororo.

"Nyumbani wanatutazama kwenye mtandao," alimwambia Jemutai. "Nimeonekana nikipiga makofi. Unaelewa? Tayari mtu amenitumia video."

"Pole, Daktari."

"Mama yangu alizaliwa kwenye milima ile. Viazi vyao ni vizuri sana. Vilikuwa."

Wajumbe wakarudi. Jemutai akachukua maiki na karatasi. Hili halikuwa jambo alilolijua. Alikuwa amesoma wosia, telegramu za rambirambi, hata barua ya mapenzi mara moja harusini, lakini hajawahi kusoma kitu cha kumwondoa mtu. Alianza kwa sauti ya chini, akijitahidi kuisoma kama tangazo la maji kukatika. Lakini sauti ya miaka kumi na tisa ya maiki haiondoki kwa asubuhi moja. Alipofika kwenye jina, koo lake lilifanya lilichozoea kufanya jina linapokuja. Lilipanda, likakaza silabi ya mwisho kama alivyofundishwa, na likanyamaza kidogo baadaye kumpa mwenye jina nafasi.

Ilko alisimama.

Alikuwa ameduwaa, na miguu ilisikia jina kabla ya masikio kusikia sentensi. Ukumbi nao ulimwona mtu amesimama baada ya kutajwa, ukapiga makofi. Jikoni mtu alipiga kigelegele.

Jemutai alimalizia vifungu vilivyobaki. Hakuna aliyevisikia isipokuwa wakalimani.

Walirudi kwenye chumba cha viti, safari hii wengi zaidi. Daktari Pavesk alitaka ufutaji ufutwe. Munene alisema inawezekana, ila ufutaji wa pili nao utahitaji kutaja kinachofutwa. Hapo ndipo Cynthia, karani wa kumbukumbu aliyekuwa amesimama mlangoni na kompyuta mkononi, alipouliza swali la kikazi.

"Samahani. Ile ya kwanza sikuiandika. Maneno ya emsii hayaingii kwenye kumbukumbu. Kumbukumbu zinaanza mwenyekiti akifungua. Lakini hii ya pili mmesema niiandike. Kwa hivyo jina litatokea mara moja, hapa penye kukataliwa. Niache hivyo?"

Daktari Pavesk aliuliza kama ina maana kwamba jina la Zevani lingeingia kwenye kumbukumbu za Jumuiya kwa mara ya kwanza katika historia, na kwa ombi la Morania. Cynthia alisema ndiyo, ukurasa wa kwanza.

"Kwa herufi nzito," aliongeza, "kwa sababu ni uamuzi."

Daktari alikaa chini.

Mwenyekiti, ambaye mpaka hapo hakuwa amesema kitu cha maana tangu atue nchini, ndiye aliyepata njia. Kama maneno ya emsii si maneno ya kikao, alisema, basi la kwanza halikusemwa na la pili pia halikusemwa, kwa kuwa aliyeyasema yote mawili ni emsii. Kinachotakiwa ni kuhakikisha tu kwamba emsii hakuwa na nafasi rasmi. Munene alilishika wazo hilo kama mtu aliyetupiwa kamba. Kumbukumbu zingesema kikao kilifunguliwa na mwenyekiti. Basi.

"Na ile sauti iliyosikika?" Jemutai aliuliza. "Kwenye mtandao?"

Munene alifikiri. "Majaribio ya vipaza sauti."

"Mimi ni majaribio ya vipaza sauti."

"Kwa maandishi tu, Madam."

Wote walimtazama. Alikuwa mtu pekee chumbani aliyetakiwa kukubali kitu. Wengine walikuwa wakipokea. Jemutai alitazama viti vilivyopangwa hadi darini. Kesho yake alikuwa na mahari Soy, na huko wangekuwa wameshaiona ile video. Watu wa Soy wana bando. Wangemuuliza ilikuwaje kule kwa wazungu wa waru, na atalazimika kusema kwamba kulingana na maandishi hakuwapo.

"Kwa hivyo nilikuja kama nani?" aliuliza.

"Kama mgeni," Munene alisema.

"Bila kiti?"

"Unaweza kukaa kule karibu na chai."

"La, asante. Nitaenda nyumbani." Alimgeukia Daktari Pavesk. "Mimi nakubali. Sikuwapo. Lakini nataka ile ajenda ya tisa isomwe sasa hivi, sio baada ya chakula. Nataka isomwe kabla sijatoka getini. Mkinichelewesha nitakumbuka kwamba nilikuwapo."

Daktari alivaa miwani yake, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Nitahitaji kiti kinachotazama dirisha," alimwambia Munene.

Jemutai alivua beji yake akampa Cynthia, ambaye hakujua aiweke wapi. Akachukua mkoba. Alipopita kando ya mabirika, Ilko alianza kuinuka.

"Kaa, Mzee," alimwambia haraka. "Leo usisimamie mtu tena. Hata moto ukiwaka, toka ukiwa umeinama."

Ilko akakaa. Alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alionekana anataka kusema jambo kubwa, na Kiingereza chake hakikuwa nalo.

"Yule mtu wa Timboroa," alisema. "Alisema macho ya mbegu yaangalie juu, ama chini?"

"Juu. Na usipande kama bado ni mabichi. Yaache yachipue kwanza, kwa baridi, kwa giza."

"Giza tunalo," Ilko alisema.

Jemutai alitoka kwa mlango wa jikoni. Wahudumu walimpigia saluti na mpishi akamfungia mandazi kwenye karatasi, akisema emsii hawezi kutoka mikono mitupu. Jemutai alimwambia kwamba yeye si emsii. Alikuwa majaribio ya vipaza sauti. Mpishi alicheka mpaka akashika meza.

Ukumbini, mwenyekiti aliomba radhi kwa wajumbe, akasema kwamba kwa sababu za kiutaratibu kikao kitaruka hadi ajenda ya tisa. Akaisoma. Mbegu zitagawiwa nchi wanachama, na pia wakulima wa nyanda za juu popote walipo. Wakalimani wakaisema kwa lugha nne. Katika lugha mojawapo maneno "popote walipo" hayana tafsiri nzuri, na mkalimani aliyekuwa zamu akayaweka kama "hata kule." Hakuna aliyelalamika.

"Wanaokubali?"

Mikono ikaanza kunyooshwa. Ilko, ambaye kama mwangalizi hakuwa na mkono wa kunyoosha, alikuwa ameshika kiti chake kwa pande zote mbili ili asisahau.

Daktari Pavesk alikuwa akitazama dirishani, kama ilivyoandikwa mahali ambapo hapakuandikwa. Chini, kwenye uwanja wa maegesho, mwanamke wa koti la zambarau alikuwa akibishana na mtu wa boda boda, huku akionyesha kwa kidole upande wa Pioneer. Walielewana. Akapanda, akakaa upande, mkoba mapajani, akasubiri. Boda boda haikuondoka. Mwanamke alikuwa amemshika mwendeshaji bega na anatazama juu, kwenye madirisha ya ukumbi, sikio limeelekea kipaza sauti cha nje ambacho hakuna aliyekumbuka kukizima.

"Wanaokataa?" mwenyekiti aliuliza. "Wasiopiga kura?" Akasubiri. "Imepita."

Mwanamke alimgonga mwendeshaji begani. Boda boda ikapita geti, ikaingia barabarani, ikapotea nyuma ya lori la mahindi.

Ukumbi ulipiga makofi. Daktari Pavesk aliweka mikono yake chini ya meza, akaibana kati ya magoti, na kuendelea kutazama nje mpaka makofi yakaisha.